Unga wa mizizi unaofanya kazi ndani ya saa moja: nguvu za kiume na mitishamba

Mkuu, umesema uume unasimama kisha unalegea katikati ya tendo, na umepewa unga wa mizizi, kijiko kimoja cha chai kwenye maziwa, saa moja kabla. Hiyo "saa moja kabla" ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko mizizi yenyewe.

Mitishamba yenye ushahidi wowote kwa kawaida hufanya kazi polepole. Jinsengi nyekundu, mzizi wa Asia uliochunguzwa kuliko mingi, kwenye majaribio ilitumika miligramu 900 hadi 1,000 mara tatu kwa siku, kwa wiki 8 au 12, na faida yake ilikuwa ndogo. Kwa hiyo unga ukisimamisha ndani ya dakika 30 hadi 60, halafu kichwa kikauma, uso ukawaka na pua ikaziba, kuna uwezekano mkubwa umechanganywa na sildenafili, dawa ileile iliyo kwenye vidonge vya kusimamisha kama Viagra. Mamlaka za dawa zimeikuta mara nyingi, pamoja na tadalafili, dawa ya jamii hiyohiyo, kwenye bidhaa zilizoandikwa "asilia".

Utasema, si inafanya kazi? Tatizo ni kipimo. Kidonge cha sildenafili ni miligramu 25, 50 au 100, na 100 ndiyo mwisho kwa siku. Unga haukorogeki sawasawa: kijiko cha leo kinaweza kuwa kitupu, cha kesho kikawa na kipimo cha kupita kiasi. Na anayetumia nitreti kwa maumivu ya kifua, presha yake inaweza kuporomoka hadi afe, huku kamwambia daktari kwamba anakunywa majani tu.

Gome la yohimbe lina kemikali inayogusa mwili kweli, lakini hupandisha presha, hufanya moyo kwenda mbio na mtu akajaa hofu. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo asiliguse. Maka, mzizi wa kutoka Peru, kama inasaidia, inaelekea kugusa hamu zaidi kuliko kusimama. Mbigiri husifiwa kwa kuongeza homoni ya kiume, ila kwa wanaume waliopimwa haikuonekana kuipandisha.

Sasa turudi kwenye kulegea kwenyewe, maana hapo ndipo penye jibu lako. Uume husimama damu inapoingia kwa wingi na kubanwa isitoke. Mishipa inayoingiza damu hiyo ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4, ndiyo maana mafuta na sukari huiharibu ya uume mapema. Kulegea kunaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Angalia asubuhi: ukiamka umesimama imara, mishipa na neva kwa kiasi kikubwa ni nzima, na chanzo huenda ni wasiwasi, uchovu au mambo ya nyumbani. Kama asubuhi nako kumekufa, pima presha na sukari kabla hujala. Sukari ya 7.0 mmol/L au zaidi kwa vipimo viwili ni kisukari, na hakuna mzizi utakaokitibu hicho. Pia taja dawa unazotumia. Baadhi za presha na za sonona hulegeza, lakini usiziache mwenyewe, zibadilishwe.

Kuwahi kufika kileleni ni tatizo lingine kabisa, usilitibu kwa dawa ya kusimamisha.

Ukiamua bado kujaribu mitishamba, tumia mmoja, si mchanganyiko wa saba, na uwe mzizi mzima unaoutambua badala ya unga uliosagwa na mtu mwingine. Usiuloweke kwenye pombe, pombe yenyewe hulegeza. Pima presha kabla ya kuanza na tena baada ya wiki. Ukitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, usianze jinsengi wala vidonge vya kitunguu saumu bila daktari kujua. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kushuka, nenda hospitali usiku huohuo, na ubebe pakiti ya huo unga.