Kumtumaini Mungu ukiwa mzazi wa mtoto mwenye selimundu

Ninawaandikia wazazi Wakristo wenye watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi wetu huku Mwanza tunauita sikoseli, na pia yeyote ambaye ombi lake limekuwa lilelile kwa miaka mingi na jibu analolitarajia halijafika. Mwanangu wa pili alizaliwa nao. Alipokuwa bado ananyonya, mikono na miguu yake ilianza kuvimba, akawa analia usiku kucha na hataki kuguswa, na kabla hatujafikia kipimo cha damu tulikuwa tumeshapewa maelezo ya kila aina: kwamba ni mchango, kwamba kuna mtu ametutupia jicho, kwamba ukoo wa baba yake una jambo ambalo halijamalizwa. Leo yuko sekondari, anatumia dawa zake, ana miezi mizuri na ana majuma ambayo sipendi kuyasimulia. Katika muda wote huo imani yangu imeyumba mara nyingi, na bado naishikilia, nitaeleza nilipoiegemeza.

Mtu akiumizwa huanza na swali la kwa nini, na kwa ugonjwa huu swali hilo lina jibu. Mtoto huupata anaporithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama, na wazazi wote wawili wanapokuwa wabebaji tu, yaani kila mmoja ana kinasaba kimoja, wazima wa afya kama tulivyo mimi na mume wangu, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Kinasaba chenyewe kimeenea katika maeneo yenye malaria nyingi, kwa sababu mtu aliyerithi kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, kwa hiyo huenda kitu kilichomwokoa bibi wa bibi yangu utotoni ndicho kinachomtesa mwanangu. Daktari alinieleza hayo kwa uvumilivu, nikayaelewa, kisha nikarudi wodini nikalia vilevile. Wapo wanaoutumia ukweli huu kuonyesha kwamba Mungu ana hesabu zake. Mimi siutumii hivyo, kwa kuwa siwezi kumwambia mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa kwamba yeye ndiye gharama ya uzima wa wengine, wala sioni mahali ambapo Maandiko yananiagiza nimwambie. Kujua chanzo cha ugonjwa hakunipi kumjua Mungu, na nimeacha kukitaka kinipe.

Swali ninalolitanguliza sasa ni jingine: Mungu ninayemlilia ni wa namna gani, na nimemjuaje? Nisipokuwa na jibu lililosimama nje ya hali yangu, nitampima Mungu kwa wingi wa damu wa mwanangu; ukipanda, Mungu ni mwema, ukishuka, ama hayupo ama amekasirika. Akina mama wengi ninaokutana nao kliniki wanaishi hivyo, na sishangai wanapochoka na kanisa kabla hawajachoka na hospitali.

Mahali ninaporudi ni Kutoka sura ya 34. Waisraeli wametoka kuabudu ndama wa dhahabu, Musa amezivunja mbao za mawe, na ni katika aibu hiyo, wala si siku ya sherehe, ambapo Mungu anapita mbele ya Musa na kujitangaza mwenyewe kuwa ni mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli. Israeli waliligeuza tangazo hilo kuwa ungamo lao. Utalikuta katika Hesabu, katika Nehemia, katika Zaburi ya 86, ya 103 na ya 145, na katika Yoeli. Yona naye analirudia, ila kwa manung'uniko, kwa sababu huruma hiyo iliwafikia watu wa Ninawi ambao yeye alitamani waangamie. Nampenda Yona kwa jambo hilo moja: alikuwa amemkasirikia Mungu kweli kweli, na bado hakumsingizia tabia asiyo nayo.

Sasa, mstari unaofuata katika sura hiyohiyo ndio mhubiri mmoja mgeni aliutumia kwenye mkesha tuliokwenda kumwombea mtoto. Unasema kwamba Mungu huwapatiliza wana uovu wa baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Ukiwa na ugonjwa wa kurithi nyumbani, unaweza kuona jinsi maneno hayo yanavyoingia moyoni bila kubisha hodi. Tulitakiwa tutaje dhambi za mababu, kisha tununue mafuta. Aliyenisaidia ni mama mkwe wangu, ambaye shule aliiachia darasa la nne lakini Biblia ameimaliza mara nyingi kuliko wahubiri kadhaa ninaowafahamu. Tuliporudi nyumbani alivaa miwani, akausoma mstari kuanzia mwanzo, akaniuliza, "Mwanangu, mbona yule ameruka hao elfu elfu?" Ni kweli, mstari unaanza kwa rehema kwa watu elfu elfu, na adhabu inakoma kwenye cha tatu na cha nne, tofauti hiyo ya ukubwa ndiyo habari yenyewe, na kuutangaza mkia wa sentensi bila kichwa chake ni kumchora Mungu mwingine. Tena manabii walikuja baadaye kuizuia tafsiri ya aina hii. Ezekieli sura ya 18 inaanza na watu waliokuwa wakisema kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Mungu anawaambia waziwazi kwamba methali hiyo haitatumika tena katika Israeli, na kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake.

Yesu mwenyewe aliulizwa swali letu. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na wanataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Jibu ni kwamba huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu na alijue jibu hilo kwa moyo, kwa sababu atalihitaji kwenye misiba, kwenye harusi na kwenye vikao vya ukoo. Maneno yanayofuata, kwamba kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake, yalinisumbua kwa muda mrefu, kana kwamba mtu alipewa upofu ili awe kielelezo cha somo. Siku hizi ninayasoma nikitazama Yesu alifanya nini baada ya kuyasema. Hakuendeleza mjadala juu ya kichwa cha kipofu. Alitengeneza tope, akampaka, akampeleka kunawa, na yule mtu alipofukuzwa na viongozi, Yesu alimtafuta mpaka akamwona. Tabia ya Mungu naiona hapo kwenye kutafutwa.

Hata hivyo, yule kipofu aliona, na mwanangu bado anaumwa. Kwa ajili hiyo nimemshika zaidi Yohana Mbatizaji. Huyu ndiye aliyemtambulisha Kristo kwenye mto Yordani, lakini akiwa gerezani kwa Herode alituma wanafunzi wake wakaulize kama Yesu ndiye yule ajaye au wamtazamie mwingine. Shaka hiyo haikutoka kwa mtu wa nje. Yesu hakumkemea, aliwatuma waende wakamweleze wanayoyaona, vipofu wanaona na viwete wanaenda, na mara tu walipoondoka aliwaambia makutano kwamba katika wazao wa wanawake hajaondokea aliye mkuu kuliko Yohana. Kisha Yohana hakufunguliwa. Alikatwa kichwa gerezani humo. Nimekuwa nikiitafakari hadithi hii kwa sababu haimpi mtu njia ya mkato: mwenye shaka anasifiwa, habari za miujiza ya wengine zinamfikia, na yeye mwenyewe anakufa akiwa ndani. Mathayo anaongeza kwamba Yesu aliposikia alijitenga akaenda mahali pasipo watu. Kama sura ya Mungu tunaiona katika Kristo, basi Mungu anayeacha gereza limefungwa si Mungu asiyeguswa na gereza hilo, na msalaba, ambako Yesu alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22 akiuliza kwa nini ameachwa, unaniambia kwamba alilifahamu swali langu kwa mwili wake. Huo si ufafanuzi wa maumivu. Unatosha kunizuia nisiseme kwamba Mungu ni mkatili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi mwenzangu ni huu: mlalamikie Mungu, na umlalamikie yeye mwenyewe. Tumelelewa kudhani kwamba ukomavu wa imani ni kusema "Mungu ni mwema" kwa sauti ya furaha hata koo likiwa limekauka. Kitabu cha Ayubu kinakataa. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa, akamtaka Mungu waonane ana kwa ana, huku rafiki zake watatu wakimtetea Mungu kwa hotuba safi kabisa, na mwishoni ni hao watetezi walioambiwa kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Zaburi nyingi ni za kilio, na ile ya 88 inakwisha gizani bila hata mstari mmoja wa kushukuru. Ninaisoma kwa sauti wakati wa maumivu makali, kisha sijilazimishi kuongeza ya 23 ili kusawazisha mambo.

La pili ni la mwili zaidi. Usiamue habari za Mungu saa tisa za usiku ukiwa umekaa kwenye benchi la wodi, hujala, unasubiri chupa ya damu. Mawazo yanayokuja saa hizo yaandike au uyaache, lakini yasipewe mamlaka ya hukumu. Eliya alipokuwa chini ya mretemu akiomba afe, hakuhubiriwa. Aliachwa alale, akapewa mkate na maji, akalala tena, na mazungumzo yake na Mungu kwenye mlima Horebu yalikuja baadaye sana. Shaka zangu kadhaa zilikuwa za kweli na bado ninazo, lakini nyingine ziliisha nilipolala.

La tatu nitalisema kwa ufupi kwa kuwa halina pande mbili. Mtoto asiachishwe dawa kwa sababu ameombewa. Utafiti wa haidroksiyurea, dawa ya selimundu, uliofanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ambao matokeo yake yalitolewa mwishoni mwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watoto waliotumia dawa hiyo walipata vipindi vichache vya maumivu, waliugua malaria mara chache zaidi, walihitaji damu mara chache na vifo vilipungua. Mwombeaji anayedai kwamba kumeza kidonge ni kumdharau Mungu anamfanya Mungu kuwa mwenye wivu na famasia, na Mungu wa Kutoka 34 hafanani na huyo.

Kuhusu kanisa, nina shukrani na nina maneno. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri kwa siku saba, walipokaa naye chini kimya. Waliharibu walipofungua vinywa. Katika jumuiya yetu waliotutia nguvu ni wale waliokwenda kuchangia damu, yule dada aliyekuwa akimchukua binti yetu mkubwa kutoka shule, na mzee mmoja aliyekuja hospitali Jumapili jioni akaimba pambio moja, akasali Baba Yetu, akaondoka. Zilikuwepo Jumapili ambazo sikuweza kuikiri Imani ya Mitume, nikasimama tu huku wengine wakiikiri kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nikagundua kwamba kusimama kati yao kulikuwa ni namna ya kuamini. Usijitenge unapokosa maneno. Chagua watu wawili au watatu wanaoweza kuisikia shaka yako bila kukimbilia kuitibu, na wengine uwaambie tu kwamba mtoto anaendelea.

Lipo jambo ambalo vitabu vya malezi ya kiroho havikuniandaa nalo, nalo ni shaka ya mtoto mwenyewe. Mwanangu alipokuwa mdogo aliuliza kama Mungu amemkasirikia, nikamjibu hapana, nikamsomea habari za yule kipofu. Sasa ni kijana, na swali lake si rahisi hivyo. Anauliza kwa nini aombewe kila mwaka mbele ya kanisa zima na kurudi na mwili uleule, watu wakimtazama kana kwamba ameshindwa mtihani. Nilimwambia kwamba kusema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," kama yule baba aliyemletea Yesu mwanawe mgonjwa katika Marko sura ya 9, ni sala kamili, na kwamba halazimiki kusema zaidi ya hapo. Kisha nikamwendea mchungaji wetu, nikamwomba jina la mwanangu liendelee kutajwa katika maombi ya jumuiya bila yeye kuitwa mbele. Mchungaji alikubali, na alimwita faraghani wakazungumza wenyewe, walichozungumza sikuuliza.