Makaratasi bado, na tarehe ya mhubiri imepita

Wapendwa wa kikundi cha maombi cha Panzi, Bukavu,

Mzee wetu wa kanisa ameniuliza mbele ya kikundi chote jambo ambalo wengine mmekuwa mkiulizana pembeni: ikiwa mhubiri aliyepita kwenu alitamka kwamba makaratasi yangu ya Marekani yatatoka kabla ya Pasaka, na Pasaka imepita, je, nimeacha kuomba, au nina dhambi iliyofichika, au makaratasi nimeyapata nikawaficha? Ameongeza kwamba vijana wawili wa kwaya wanatafuta mnunuzi wa kiwanja chao ili waje huku, na angependa niwatie moyo. Nitajibu yote kwa heshima, Baba, ingawa hilo la kuwaficha limenichoma.

Makaratasi sijayapata. Anayeomba hifadhi ya ukimbizi katika nchi hii hutakiwa kupeleka ombi lake kabla mwaka mmoja haujapita tangu alipoingia, nami nililipeleka kwa wakati. Zikipita siku 150 anaruhusiwa kuomba kibali cha kazi, na kibali chenyewe hakitolewi kabla ya siku 180 kutimia. Hicho ninacho, nacho ndicho kinachotulisha sote, lakini kibali cha kazi si jibu la ombi. Jibu hutolewa baada ya mahojiano, na mahojiano hayo ndiyo ninayoyangoja. Januari 2018 ofisi inayohusika ilirudia utaratibu wa kuwahoji kwanza walioomba karibuni, na maombi ya zamani yakabaki chini kabisa ya rundo. Wa mwisho wamekuwa wa kwanza kwelikweli, ila sijasikia mtu akiimba haleluya kwa ajili hiyo. Kisha Julai 2025 ikatiwa saini sheria inayomtoza mwombaji dola 100 kwa kila mwaka ambao ombi lake halijaamuliwa, maana yake hata kungoja kwenyewe kumewekewa bei. Nikitoka nje ya nchi bila ruhusa maalumu, ombi huhesabiwa kwamba nimeliacha. Na nikionekana Bukavu, mahali pale pale nilipoandika kwamba nilipakimbia, ni afisa gani ataniamini tena? Ndiyo sababu sikuja kumzika mama. Mke wangu na watoto nao hawawezi kunifuata kwa njia hii mpaka nikubaliwe, na yule mtoto niliyemwacha akijifunza kusoma sasa hunijibu kwenye simu kwa sauti nzito ya kiume. Baridi, kazi za usiku na kuwaogesha wazee wa watu mmeshasimuliwa na wengine, siyarudii.

Nije kwenye tarehe. Nimeambiwa kwamba mhubiri wenu alilijenga tamko lake juu ya Yeremia 29:11, pale Mungu anaposema kwamba anayajua mawazo anayowawazia watu wake, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Naupenda sana mstari huo. Lakini ni mstari ulio ndani ya barua, na barua yenyewe ilitoka nyumbani Yerusalemu kwenda kwa watu waliohamishwa, waliokuwa wakiishi ugenini Babeli, ikichukuliwa kwa mkono wa Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Ni barua ya kwenda ughaibuni, kama hizi mnazoniandikia ninyi. Mstari wa 10, ambao sijui kwa nini wahubiri huuruka, unataja miaka 70. Mtu mzima aliyesomewa maneno hayo Babeli alielewa palepale kwamba yeye atazikwa huko, na kwamba ahadi ni ya kweli hata hivyo.

Sura iliyotangulia ina habari za Hanania wa Gibeoni, aliyesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatamka kwamba katika muda wa miaka miwili mateka wote watarudi. Yeremia hakumtukana. Alisema Amina, Bwana na afanye hivyo, kisha akamkumbusha kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana neno lake litakapotimia. Hanania akaitwaa nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja, na mwaka haukwisha kabla hajafa. Simtakii mhubiri wenu kifo, Mungu apishe mbali. Namtakia aibu kidogo tu, pamoja na kurudisha dola 200 alizomtoza mke wangu kwa jina la mbegu ya muujiza, pesa ambazo nilikuwa nimezituma kwa ajili ya mabati.

Kwa maana kinachoniudhi si kwamba tarehe imepita, bali ni yale ambayo tarehe hiyo imeyafanya nyumbani kwangu. Binti yangu mkubwa amepata diploma yake ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, na hataki kujiandikisha chuoni, akisema ataanza masomo Marekani. Mama yake haezeki upya nyumba inayovuja, kwa kuwa haoni sababu ya kupoteza mabati juu ya nyumba tutakayoihama. Shemeji aliacha kazi yake ya kushona. Wote wanaita hali hiyo kumngojea Bwana. Barua ya Yeremia iliwaamuru mateka wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, wauombee amani mji ule ule uliowateka. Na hayo yote yanatangulia ule mstari mnaoupenda. Naigeuza barua hiyo iwaelekee ninyi, kwa sababu imefika mahali ambapo mimi niliye ugenini naishi kama mtu aliyetulia, nalipa kodi ya nyumba na kusoma Kiingereza, nanyi mlio nyumbani mmekuwa mateka wa makaratasi yangu.

Najua ninawaandikia watu gani. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu na benki zikafungwa, kumwambia mtu apande bustani bila kujua nani atakayeivuna kunaweza kusikika kama maneno ya aliyeshiba, na mara nyingi nikilala mahali penye umeme na usalama huona haya hata kuomba kwa ajili yangu mwenyewe. Hata hivyo siyafuti. Yeremia mwenyewe, mji wake ukiwa umezingirwa na majeshi ya Babeli naye akiwa kifungoni katika uwanja wa walinzi, alinunua shamba la binamu yake kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, akaziweka hati katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Vijana wangu wa kwaya, yeye alinunua wakati kila mwenye akili alikuwa akiuza. Msiuze kiwanja cha baba yenu ili mje kusimama kwenye foleni nyuma yangu. Visa hutolewa na ubalozi, wala hakuna mafuta ya upako yanayobadilisha uamuzi wa afisa, hata pasipoti ikilala madhabahuni usiku kucha.

Lakini kama maisha yenu yamo hatarini, na si umaskini tu bali ni watu wanaowatafuta kwa majina, basi kiwanja si kitu, ondokeni, na mkifika popote pelekeni ombi mapema kwa msaada wa mwanasheria wa kweli badala ya jamaa anayejua kujaza fomu. Nami nitawapokea, godoro lipo.

Wapo wanaosema kwamba kutafuta mwanasheria ni kupungukiwa na imani. Yusufu akiwa gerezani alimwomba mnyweshaji wa Farao amkumbuke na kumtaja kwa bwana wake, ingawa yeye Yusufu ndiye aliyeoteshwa ndoto na Mungu. Mnyweshaji alimsahau, ikapita miaka miwili mizima, na Maandiko hayamlaumu Yusufu hata kwa neno moja kwa kuomba msaada. Kungoja kwake kulikuwa ni kusimamia wafungwa wenzake vizuri, siku baada ya siku, bila kujua ni siku gani ataitwa.

Hapa Portland, katika jimbo la Maine, tunaabudu Jumapili mchana katika jengo tunaloazimwa na kanisa la wenyeji, tukiimba Kiswahili, Kilingala na Kirundi. Wakati wa ushuhuda hushika kipaza sauti yule aliyekubaliwa, tunapiga vigelegele, na ni haki. Aliyekataliwa haitwi mbele. Baada ya wiki kadhaa kiti chake huwa kitupu, na wengi wetu hatumpigii simu kwa sababu tunaogopa, sijui kwa nini, kwamba kukataliwa kunaambukiza. Nikisikia mtu akisema Mungu ni mwaminifu kwa kuwa fulani amepata, hujiuliza kama uaminifu huo ulikoma kwa yule wa kiti kitupu. Ibada yetu imekosa nafasi ya anayengoja, wakati Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu “hata lini” mara nne kabla hata ya kuomba kitu. Daudi hakufukuzwa kwenye kikundi cha maombi kwa kuuliza.

Kwa hiyo, Baba, sijaacha kuomba. Naomba vibaya, usiku, nikiwa kazini, mara nyingine kwa hasira, na asubuhi naenda kulala nikiwa na hakika isiyo na sababu kwamba nimesikiwa. Sina ufafanuzi mwingine. Naomba msiniulize tena tarehe, maana kila mnapouliza nalazimika kuitafuta, nami sina. Ila msiache kuuliza habari zangu kabisa. Kuna mwezi mlinyamaza wote, nikahesabu kwamba mmeshanizika.

Mke wangu ataisoma hii pamoja nanyi, basi yale ya nyumbani nayaandika hapa hapa ili kuwe na mashahidi. Binti aende akajiandikishe, na risiti ya masomo nipigiwe picha niione. Shemeji arudi kwenye cherehani. Pesa nyingine za mabati zitafika kwa simu Ijumaa, zisipite kwa mhubiri yeyote, na fundi asilipwe zote kabla hajamaliza.