Wanawake shelfu, wanaume stoo: nani kasema?

SWALI
Shikamoo Shangazi. Mi nafanya kazi supamaketi moja hapa Tanga mjini, jina silitaji. Tuko watu saba tunaopanga mizigo, wanaume wanne wanawake watatu, wote cheo kimoja mshahara mmoja. Sasa asubuhi tukifika supavaiza anagawa kazi kwa kuangalia nani mwanamke nani mwanaume basi. Wanaume stoo na kushusha gari, unga, sukari, mafuta, kreti za soda. Sisi vipodozi, pampasi, biskuti, kufuta vumbi, kubandika bei, na chupa ikipasuka hata kama ni upande wao tunaitwa sisi na mopu. Mwanzo niliona poa tu maana nani anataka kubeba sukari kilo 50, lakini gari la mzigo likija usiku wanaobaki ni wanaume na ovataimu ni yao, halafu juzi ilitoka nafasi ya kusimamia stoo nikaomba, nikajibiwa "we hujawahi kukaa stoo". Sasa nitakaaje na hawaniweki? Nikilalamika wenzangu wanasema mnalipwa sawa na sisi kwa kufuta vumbi, mnataka nini tena. Shangazi nina haki hapa au nitulie tu nisije nikakosa na hiki kidogo?
Mpanga shelfu, Makorora

JIBU
Marahaba binti yangu. Usitulie. Na uzuri umeshaliona lenyewe lilipo, maana wengi wanaoniandikia kuhusu mambo haya wanaishia kwenye "nani anabeba kizito", wakati kilo ndo jambo dogo kuliko yote hapo. Wamekufungia mlango halafu wanakuuliza mbona hukuingia ndani, hilo ndo linaloniuma mimi.

Hebu tuseme ukweli kuhusu stoo, nimekaa miaka kwenye duka la jumla Ngamiani najua ninachosema. Gari likifika kuna mtu anasimama na delivari noti mkononi anahesabu katoni moja moja zinavyoshuka, anatazama iliyolowa, iliyobonyea, anafungua moja asome tarehe ya mwisho kabla dereva hajawasha gari, kwa sababu akishaondoka hasara ni yenu. Kuna kupanga mzigo wa zamani utoke kwanza na mpya ukae nyuma. Kuna kujua kwamba Ramadhani ikikaribia tende na sukari na unga wa ngano vinaisha upesi kwa hiyo uagize mapema. Hapo nionyeshe panapotaka misuli. Panataka macho, hesabu na uaminifu, na ndo vitu vinavyomfanya mtu awe msimamizi wa stoo. Kubeba ni kipande tu cha kazi ya stoo, ila kimetumika kuwazuia nyie msiipate kazi nzima.

Na hilo la kilo sikufichi, lisemwe lote. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa pendekezo mwaka 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanaume mzima peke yake usizidi kilo 55, na kwa mwanamke uwe pungufu kabisa ya hapo. Kwa hiyo supavaiza akisema hataki ubebe gunia la kilo 50 peke yako, hilo sigombani nalo. Nagombana na kwamba anambebesha kijana wa kiume wa stoo kutwa nzima, maana kilo 55 ni mwisho wa kubeba, siyo kiwango cha kila dakika kumi. Gunia libebwe na wawili, au troli. Duka lenye uwezo wa kuleta gari zima la unga halikosi hela ya troli.

Sheria sasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kubagua mfanyakazi kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, na inapoeleza maeneo yasiyotakiwa kubagua imetaja ugawaji wa kazi, mafunzo na kupandishwa cheo kwa majina kabisa, yaani kupangiwa kwako shelfu, kutopewa nafasi ya kujifunza stoo na kunyimwa cheo, yote matatu yamo. Mwajiri anaruhusiwa kutofautisha watu pale ambapo sifa fulani ni ya lazima kwa kazi yenyewe. Je kuhesabu katoni kunahitaji uwe mwanaume? Na mkifika kwenye kesi, ukishaonyesha ubaguzi upo, yeye ndo anatakiwa athibitishe kwamba haupo au ana sababu halali.

Ovataimu usiichukulie kama zawadi ya bosi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi analipwa mtu mara moja na nusu, na kazi ya kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza yake ya asilimia 5. Piga hesabu ya mwaka mzima uone wale wanne wamekuacha umbali gani, halafu mtu anakwambia mnalipwa sawa.

Wanaosema mnafuta vumbi waambie wabadilishane na nyie wiki moja tu. Shelfu ya chini ya sabuni unachuchumaa mpaka magoti yanalia, ya juu ya pampasi unanyoosha mikono juu ya kichwa, na katikati unasoma tarehe za mtindi pakiti kwa pakiti huku mteja anakuuliza chumvi iko wapi. Hiyo nayo ni kazi, ila haina jina zuri kwa sababu wanafanya wanawake.

Sasa ufanyeje. Usiende na lawama, nenda na ratiba. Kaa na wenzio wawili kwanza, na muulizane kwa uwazi nani anataka stoo na nani hataki, maana kama mmoja anapenda vipodozi aachwe na vipodozi vyake, ubaya ni kupangiwa bila kuulizwa. Andikeni zamu kwenye karatasi, wiki hii fulani anapokea mzigo, wiki ijayo fulani, mopu kila mtu kwenye korido yake. Zamu za usiku ombeni usafiri wa kurudi nyumbani kwa wote, siyo wanawake tu, saa sita usiku kutafuta bodaboda siyo mchezo kwa mtu yeyote. Mwenye mimba ana ulinzi wake, haruhusiwi kupewa kazi ya hatari kwake au kwa mtoto, na miezi miwili kabla ya kujifungua hatakiwi kupangwa usiku. Lakini kinga ya mjamzito isigeuzwe sababu ya kumweka pembeni kila mwanamke.

Mpe supavaiza hiyo karatasi, nakala kwa meneja, na ubaki na yako yenye tarehe. Ile nafasi uliyonyimwa uliza kwa maandishi sababu ni nini. Wakikaa kimya, kama mna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, anza hapo, la sivyo nenda ofisi ya kazi ya mkoa, na mwisho Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanaita CMA. Angalia muda binti yangu, mgogoro kama wako unapelekwa ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, na umesema juzi, kwa hiyo usilale.

SWALI
Shangazi mimi ni mwanaume, nashusha mizigo dukani, mgongo umeanza kunisumbua. Nikiomba nipelekwe shelfu wananicheka eti nataka kazi ya kike, na bosi anasema mwanaume halalamiki. Nifanyeje?
Kijana wa Chumbageni

JIBU
Mwanangu, pole sana. Unaona jinsi mpango ule ule uliomkosesha mwenzio wa Makorora cheo unavyokula mgongo wako wewe. Wakicheka waache wacheke, mgongo ukiharibika hawatakusaidia kuinuka kitandani. Nenda Bombo au hospitali yoyote upimwe, mweleze daktari unabeba nini na mara ngapi kwa siku, akuandikie. Barua hiyo mpe mwajiri kwa mkono, uombe kwa maandishi ubadilishiwe kazi. Na kama daktari akisema kimetokana na kazi, mwambie mwajiri aripoti Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hiyo ni haki yako na anayechangia ni yeye mwajiri, hukatwi kwenye mshahara. Kabla ya hapo, kesho asubuhi, gunia la sukari usiliguse bila mtu wa pili.