Stika yangu, hijabu ya mwenzangu, na ibara ya biashara

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Columbus, Ohio. Mchana nasoma chuo, usiku napanga mizigo ghalani. Mwezi uliopita nilibandika stika ya mgombea mmoja kwenye kizibao changu cha kazi, supavaiza akaniamuru niibandue. Nilipomwambia Katiba inanipa uhuru wa kusema, alinijibu kwamba Katiba hiyo haimhusu yeye. Wiki hiyohiyo alimwamuru mwenzangu, dada wa Kisomali, avue hijabu. Alipokataa akasimamishwa zamu. Watu wanasema yeye anaweza kushtaki, mimi siwezi. Inakuwaje kitambaa kilindwe na neno lisilindwe?

Chuoni nako mhadhiri ametuambia kwamba Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilijengwa juu ya biashara, si juu ya usawa, na sura inayoieleza kitabuni imeunganishwa na sera ya uchumi. Nimeisoma mara mbili, bado sioni vinavyokutana. Naomba unifafanulie.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Kuhusu stika, supavaiza wako amesema kweli. Kuhusu hijabu, kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani amevunja sheria. Na ukishaelewa kwa nini mambo hayo mawili yametofautiana, swali lako la darasani litakuwa limejibika zaidi ya nusu.

Shida yetu inaanzia kwenye lugha. Sisi tuna neno moja, haki, tunalibebesha kila kitu: haki ya kusema, haki ya kupiga kura, haki ya kutobaguliwa. Wanasheria wa Marekani wanazigawa. Kuna uhuru wa kiraia, yaani mambo ambayo serikali imekatazwa kukufanyia: isikuzibe mdomo, isikupangie dini, isipekue nyumba yako bila kibali cha mahakama, isikulazimishe kutoa ushahidi dhidi yako mwenyewe. Kisha kuna haki za kiraia, na hapo serikali inatakiwa iingilie kati ili mtu mwingine asikunyime kazi, chumba au sahani ya chakula kwa sababu ya rangi, dini au asili yako. Kwenye uhuru wa kiraia anayefungwa mikono ni serikali. Kwenye haki za kiraia serikali ndiyo inayomshika mkono jirani yako.

Soma Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyoanza kutumika 1791 pamoja na mengine tisa. Yanaanza kwa kusema kwamba Kongresi, yaani bunge la Marekani, haitatunga sheria ya kufanya hili na lile. Aliyetajwa ni Kongresi. Mwenye ghala hakutajwa. Ukiibandika stika hiyo kwenye kizibao na kusimama kando ya barabara, polisi wa Columbus hana ruhusa ya kukukamata kwa maneno yaliyomo. Ukiingia kazini, mwajiri binafsi anaweza kusema hataki siasa kwenye sare. Baadhi ya majimbo, California likiwa mojawapo, yana sheria zake zinazolinda siasa za mfanyakazi, lakini ulinzi huo hautoki kwenye Marekebisho ya Kwanza.

Nimesema polisi wa Columbus, na hilo nalo halikuwa jambo la wazi tangu mwanzo. Kulikuwa na bwana mmoja Baltimore, John Barron, mwenye gati lenye maji marefu. Jiji likajenga barabara na kugeuza mikondo ya vijito, mchanga ukajaa gatini mwake, meli zikashindwa kufunga. Aliyekulia Tanga au Lamu anajua gati lililojaa mchanga ni hasara gani. Barron akadai fidia kwa kutegemea Marekebisho ya Tano, yanayokataza serikali kuchukua mali ya mtu bila kumlipa. Mwaka 1833 Mahakama ya Juu ilimwambia kwamba marekebisho hayo yanaibana serikali kuu peke yake, si majimbo wala miji. Akaondoka mikono mitupu.

Kilichobadili hali hiyo ni vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa. Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, yaliyakataza majimbo kumnyima mtu uhai, uhuru au mali bila utaratibu wa haki, na kumnyima ulinzi sawa wa sheria. Angalia neno lililotumika: mtu. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu iliwalinda Wachina wa San Francisco, wasio raia, ambao jiji lilikuwa likiwanyima vibali vya kufulia nguo huku likiwapa wengine. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu hudhani ulinzi huu unakuja na pasipoti ya bluu. Sehemu kubwa ya ulinzi huu haingoji uraia. Kupitia marekebisho hayo, tangu 1925 Mahakama iliingiza uhuru mmoja baada ya mwingine kwenye majimbo, nayo yakabanwa kama serikali kuu: wa kusema kwanza, na mwaka 1963 haki ya maskini kupewa wakili katika kesi nzito za jinai. Kazi hiyo imeendelea hadi karne hii. Kinga dhidi ya faini za kupita kiasi ilifika majimboni 2019.

Sasa tuje kwenye biashara.

Mwaka 1875 Kongresi ilitunga sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba za wageni, kumbi za maonyesho na vyombo vya usafiri. Mwaka 1883 Mahakama ya Juu iliifuta. Hoja yake ilikuwa kwamba Marekebisho ya 14 yanayabana majimbo, na mwenye hoteli si jimbo. Jaji mmoja tu, John Marshall Harlan, alipinga. Kwa miaka 81 baada ya hapo mtu mweusi aliweza kusafiri siku nzima na watoto garini asipate pa kulala, na serikali kuu haikuwa na sheria ya kumfungulia mlango wa hoteli.

Serikali ya Rais Kennedy ilipoandaa muswada mpya mwaka 1963, hukumu ile ya 1883 ilikuwa bado hai. Wanasheria wake wakatafuta njia nyingine, wakaikuta kwenye Ibara ya Kwanza ya Katiba, fungu la 8, mahali Kongresi inapopewa mamlaka ya kusimamia biashara baina ya majimbo. Hapo ndipo ninapopaita ibara ya biashara. Kulikuwa na faida ya kisiasa pia. Muswada wa haki ungeangukia kwenye kamati ya sheria ya Seneti, iliyoongozwa na James Eastland wa Mississippi, mtetezi mkubwa wa ubaguzi. Sehemu ya hoteli na migahawa ikapelekwa kamati ya biashara, kwa Warren Magnuson wa jimbo la Washington.

Rais Johnson, aliyemfuata Kennedy, alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia tarehe 2 Julai 1964. Mwenye Heart of Atlanta Motel, yenye vyumba 216, akaenda mahakamani mara moja. Yeye mwenyewe alikuwa mwanasheria, akajitetea hadi Mahakama ya Juu. Alishindwa kwa sababu robo tatu hivi ya wageni wake walitoka nje ya Georgia; kumfukuza msafiri mweusi ni kuzuia biashara baina ya majimbo. Kesi ya pili ndiyo ninayopenda kuwasomesha wanafunzi wangu. Ollie's Barbecue ulikuwa mgahawa wa familia huko Birmingham, Alabama. Wateja wake walikuwa watu wa mtaani, na weusi waliuziwa chakula cha kubeba tu, wasikae ndani, ingawa theluthi mbili hivi ya wafanyakazi wake 36 walikuwa weusi. Wasafiri hawakuonekana hapo. Mahakama ikageukia nyama. Karibu nusu ya chakula ambacho mgahawa ulinunua mwaka uliotangulia, nyama ya kiasi cha dola 70,000, ilikuwa imetoka nje ya jimbo. Nyama ilivuka mpaka, basi Kongresi ina mamlaka. Majaji wote tisa walikubaliana, Desemba 1964.

Kila nikifika hapo moyo huniuma. Heshima ya mama aliyenyimwa kiti ilibidi ipitie kwenye mzani wa mchinjaji. Jaji William Douglas naye aliandika kwamba alipendelea hukumu isimame juu ya Marekebisho ya 14. Lakini ningekuwa mmoja wa wale wanasheria wa 1963 ningefanya walichofanya, kwa sababu watu walihitaji milango ifunguliwe mwaka uleule.

Na hapa ndipo uchumi unapoingia, kwa maana wakati huo ibara ya biashara ilikuwa imeshabeba mzigo mkubwa tangu enzi ya Rais Franklin Roosevelt, miaka ya thelathini. Sheria ya 1935 iliyolinda vyama vya wafanyakazi ilipita kwa ibara hiyo. Kima cha chini cha mshahara cha 1938, senti 25 kwa saa, kilipita hapohapo, na Mahakama ikakibariki 1941. Mwaka uliofuata ikamgeukia mkulima wa jimbo lako, Roscoe Filburn, karibu na Dayton. Serikali ilimruhusu ekari 11 za ngano ili bei isiporomoke, yeye akalima 23, akasema ziada ni ya mifugo na nyumba yake. Akatozwa dola 117 na senti. Mahakama ilisema kwamba wakulima wote wakijilimia chakula chao namna hiyo, soko la nchi nzima litayumba. Bila ngano ya Filburn, nyama ya Ollie isingetosha kushinda kesi. Ndiyo sababu mhadhiri wako ameyaweka kwenye sura moja, na nadhani amefanya vizuri.

Msingi huo una udhaifu wake. Mwaka 2000 Mahakama iliifuta sehemu ya sheria iliyomruhusu mwanamke aliyebakwa au kupigwa kwa sababu ya jinsia yake kumshtaki aliyemtendea hayo kwenye mahakama za serikali kuu. Majaji watano dhidi ya wanne walisema ukatili huo si shughuli ya kiuchumi. Nikuombe uitaje kesi hiyo, Morrison, kwenye mtihani wako. Haki iliyojengwa juu ya soko hufika pale soko linapofika.

Kuhusu upande wa pili wa sera ya uchumi, utaukuta kwenye sura inayofuata, nami nitaupitia haraka. Kodi na matumizi ni kazi ya Kongresi na Rais. Riba na wingi wa fedha ni kazi ya Benki Kuu, iliyoundwa 1913, ambayo magavana wake saba hupewa vipindi vya miaka 14 ili wasiendeshwe na uchaguzi. Huku nako kuna uzi wa haki za kiraia. Maandamano ya Washington ya Agosti 1963 yaliitishwa kwa ajili ya ajira na uhuru, na waandamanaji walidai kima cha dola mbili kwa saa. Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King, aliendelea kupigania ajira kwa wote miaka ya sabini, hadi ikapitishwa sheria ya 1978. Mwaka mmoja kabla yake Benki Kuu ilikuwa imeagizwa kisheria kuangalia ajira pamoja na bei. Kwa hiyo ukisikia riba imepandishwa kupoza mfumuko wa bei, kumbuka sheria inaitaka benki hiyo iwafikirie na watakaopoteza kazi.

Turudi ghalani. Stika yako ya mgombea haina ulinzi, lakini mkizungumzia mishahara yenu baina yenu, sheria ile ya 1935 inawalinda, hata pasipo chama. Supavaiza hawezi kuwaadhibu kwa hilo.

Mwenzako yuko chini ya sehemu ya saba ya sheria ya 1964, inayomhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Mwajiri anapaswa kumpa nafasi ya kufuata dini yake, isipokuwa athibitishe kwamba jambo hilo linaitwisha biashara yake mzigo mkubwa, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema usumbufu mdogo hautoshi. Mwaka 2015 ilikuwa imempa ushindi msichana Mwislamu wa Tulsa aliyenyimwa kazi ya dukani kwa ajili ya hijabu. Wakidai mashine zinaweza kunasa kitambaa, hoja ya usalama ni ya kusikilizwa, lakini aulize kwa maandishi kama hijabu ya kubana, iliyochomekwa ndani ya kizibao, itakubalika. Jibu lao alihifadhi, pamoja na ratiba ya zamu alizonyimwa na majina ya walioshuhudia.

Malalamiko hupelekwa kwanza EEOC, tume ya serikali kuu inayoshughulikia ubaguzi kazini, kabla ya mahakama, na kufungua malalamiko hakuna malipo. Muda ni siku 180, unaongezwa hadi 300 kwenye majimbo yenye tume yao wenyewe, Ohio ikiwemo. Mwambie ahesabu kuanzia siku aliyosimamishwa zamu, asingoje afukuzwe.