Gitaa kavu au lenye pikapu?

Mdogo wangu, umeuliza ununue gitaa kavu tupu, lisilotumia umeme, au lile lenye pikapu, yaani kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi, na tundu la kuchomeka waya wa spika, na ndiyo kwanza unaanza. Chukua kavu. Pikapu haikufundishi kubana kodi (chords), zile nyuzi kadhaa zinazopigwa pamoja. Usipochomeka waya, magitaa yote mawili hutoa sauti kwa njia ileile: mbao na tumbo lake. Ukichomeka ndipo kile kipande cha pikapu chini ya daraja, pale nyuzi zinapokalia tumboni, kinafanya kazi, na mara nyingi kinataka betri ya volti 9, tena ukisahau waya ndani betri inakwisha kimyakimya. Ungekuwa unapanda jukwaani TaSUBa, chuo cha sanaa hapa Bagamoyo, au kwaya inakungoja Jumapili, ningesema vingine. Na ukifika huko, pikapu hufungwa baadaye kwa fundi.

Pesa inayobaki itumie kwenye gitaa lenyewe. Hapa watu wengi wanaliwa: wanaangalia rangi! Angalia shingo imenyooka, kisha tazama nyuzi zilivyoinuka juu ya freti ya 12, yaani kile chuma cha kumi na mbili kilichokingama shingoni. Milimita 2 hadi 3 inatosha kwa nyuzi za chuma. Zikipanda sana vidole vitaungua wiki ya kwanza na gitaa litageuka pambo la ukutani.

Halafu sisi wa Bagamoyo tuna chumvi ya bahari. Nyuzi zinashika kutu upesi mno. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, liweke kwenye mfuko wake, usiliache dirishani.