Boma "lilijengwa" au "limejengwa"? Swali kutoka Mikindani

SWALI: Tunaandaa vibao vya historia vya majengo ya kale hapa Mikindani, na tunaanza na Boma. Mwenzetu ameandika: "Boma hii imejengwa mwaka 1895 na Wajerumani." Fundi wa maandishi anasubiri. Sentensi hii iko sawa?

JIBU: Fundi aendelee kusubiri kidogo.

Ngeli ni jambo jepesi. Boma, wingi wake maboma, linafuata jiwe na mawe: boma hili, maboma haya. "Boma hii" inasikika sana mtaani, ila kibao kitasomwa na watoto wa shule kwa miaka mingi.

Uzito uko kwenye njeo, yaani wakati wa kitenzi. Ukitaja mwaka ambao umekwisha kupita, tumia -li-: lilijengwa mwaka 1895. Kiambishi -me- kinaeleza hali ambayo bado ipo: "limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa" ni sahihi kabisa, kwa kuwa kuta zipo na mgeni anaziona. Jaribu kutanguliza "tazama". "Tazama, limejengwa kwa mawe" inakubali; "tazama, limejengwa mwaka 1895" inagoma. Kwa hiyo vyote viwili vinaweza kukaa kwenye kibao kimoja, kila kimoja na kazi yake.

Hiyo "na Wajerumani" haina kosa la sarufi: "na" hutaja mtenda, "kwa" hutaja malighafi. Hata hivyo mimi ningeibadili, kwa sababu inamtaja aliyeamuru na kumfuta aliyebeba mawe. Ningeandika hivi:

BOMA LA MIKINDANI
Boma hili lilijengwa mwaka 1895,
wakati wa utawala wa Wajerumani.
Limejengwa kwa mawe ya matumbawe
na chokaa.

Angalia mistari inapokatika. "Mwaka" haukuachana na "1895", na hakuna mstari unaoishia kwa "ya" au "wa" ikining'inia peke yake. Fundi akiachiwa, hukata pale nafasi inapomwishia, hata katikati ya neno. Mwandikie mistari kama itakavyokaa, na umwoneshe alama ya ng': akiisahau, "ng'ambo ya ghuba" inakuwa "ngambo", neno lisilokuwepo.

Mkifika kwenye majina yenyewe, kuweni waangalifu zaidi. Kule Kilwa Kisiwani kuna ngome iitwayo Gereza. Neno hilo lina asili ya Kireno, igreja, yaani kanisa, lakini msomaji wa leo anawaza wafungwa. Jina kama hilo halibadilishwi, linafafanuliwa kwenye sentensi ya kwanza kabisa: "Ngome hii, iitwayo Gereza..." Husuni Kubwa ya hukohuko Kilwa Kisiwani nayo ni vivyo hivyo: husuni ni ngome kwa asili ya Kiarabu, ilhali jengo lenyewe lilikuwa kasri la sultani.

Maneno 50 hadi 60 yanatosha kibao kimoja, na herufi zisipungue sentimita 1 kwa anayesoma akiwa hatua mbili tatu. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana upepo wa chumvi hula zile za kawaida na kutu yake huchirizika juu ya maandishi.

Kabla ya rangi, chapeni maandishi kwenye karatasi ya ukubwa uleule, mbandike ukutani, kisha mwombeni mtu asiyehusika na kazi hii asome kwa sauti. Popote anapojikwaa, rekebisheni mstari huo.