Faiba au CO2 kwa vikombe, ngao na glasi? Jibu la aliyechonga meza yake mwenyewe

Mkuu, umesema unafungua ofisi Mwanza ya vikombe vya mashindano, ngao za mahafali na zawadi za harusi, mfukoni una milioni 12, na muuzaji wa China anakuvuta uchukue faiba, yaani mashine ya kuchonga kwa leza ya aina ya faiba, ya wati 30 kwa maelezo kwamba "inachonga kila kitu". Unauliza kama ni kweli. Mimi nimeanza kazi hii Kariakoo mwaka 2016 na niliuziwa kwa sentensi hiyohiyo, kwa hiyo acha nikusimulie yaliyonikuta.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa faiba. Miezi miwili ya mwanzo nilijiona nimeula. Kalamu za chuma, saa, pete, vibandiko vya majina, kila nikiweka kinatoka. Ikaja kazi ya tuzo 60 za kioo, ofisi moja ilikuwa inaaga wastaafu. Nikaweka kioo cha kwanza, nikabonyeza, cheche nikaziona zinacheza. Nikakinyanyua: kioo kitupu, hakina hata mkwaruzo. Nikadhani fokasi haijakaa. Nikaongeza nguvu, nikarudia. Mara ya tatu ndipo nilipokiweka kioo kando na kuangalia kilipokuwa kimelala. Nembo ya ofisi, na jina la mzee wa watu chini yake, vimechongeka safi kabisa kwenye meza ya alumini. Mwanga ulikuwa unapita kwenye kioo kama jua linavyopita dirishani. Kazi yote niliipeleka kwa jirani mwenye CO2, ile leza ya gesi, nikamlipa, faida ikaishia kwake.

Mashine haikuwa mbovu. Mwanga wa faiba una urefu wa wimbi wa mikromita 1.06 hivi, na kioo angavu hakiushiki. Wa CO2 ni mikromita 10.6, mara kumi ya ule, na huo unamezwa na kioo, mbao, akriliki (ile plastiki ngumu inayofanana na kioo), ngozi na karatasi. Chuma kitupu ni kinyume chake: mwanga wa CO2 kinaurudisha ulikotoka, wa faiba kinaupokea. Wati hazina msaada hapo. Ukinunua faiba ya wati 100 utachonga meza haraka zaidi, basi. Zipo leza za UV ambazo zinachonga kioo na plastiki kwa unadhifu wa ajabu, ila kwa bajeti yako hizo ziache kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mashine gani, jiulize mteja wako wa Mwanza ataleta nini mezani. Chukua kikombe cha kawaida cha mashindano ukikague. Mwili wake ni plastiki au bati lililopakwa rangi ya dhahabu, kitako ni marumaru, na kwenye mwili hakuna anayechonga kitu. Kinachochongwa ni kile kibao kidogo cha kitakoni, ambacho huwa ni alumini yenye rangi, shaba yenye rangi, au plastiki ya tabaka mbili. Vyote hivyo CO2 inavimudu, kwa sababu haigusi chuma. Inaunguza rangi ya juu na maandishi yanajitokeza. Chupa za chai za chuma zilizopakwa rangi nazo ni vilevile. Ngao za mbao, akriliki, glasi za maharusi, hayo yote ni ya CO2. Mimi nikihesabu kazi zangu za Novemba na Desemba wakati wa mahafali, na zile za kuelekea Mei Mosi wakati wa zawadi za wafanyakazi bora, faiba ingeweza kulala wiki nzima bila kuguswa. Inakuja kuamka akiingia mtu mwenye pete, kisu, au medali ya chuma kitupu.

Kwenye akriliki kuna mtego. Zipo aina mbili: ya kumimina, ambayo wauzaji wanaiita kasti, na ya kukamuliwa mashinani. Ya kasti ukiichonga inatoa weupe kama barafu, maandishi yanasomeka hata kwa mbali. Ile nyingine inayeyuka na kubaki angavu, mteja anakuuliza umeandika wapi. Kwa macho zinafanana, kwa hiyo omba kipande kidogo ukajaribu kabla hujalipia shiti nzima.

Glasi ndiyo itakayokunyima usingizi. Leza haichongi kioo kama patasi inavyochonga mbao. Joto linapasua ngozi ya juu vipandevipande vidogo mno, na huo mpasuko ndio unaoonekana mweupe. Nguvu ikizidi, vipande vinabanduka, na ukipitisha kidole unahisi kama msasa. Ninachofanya: nachukua tishu ya chooni, tabaka moja, nailowesha maji yenye tone la sabuni ya vyombo, naibandika kwenye glasi hadi isiwe na povu hata moja la hewa. Nachonga juu yake kwa nukta 300 kwa inchi, si 600, maana mistari ikisongamana kioo hakipati nafasi ya kupoa. Picha nyeusi tii naishusha iwe kijivu kizito. Ikimaliza naosha, napangusa kwa kitambaa, kisha naipiga tochi kwa pembeni kutafuta ufa. Kristali yenye madini ya risasi ndani inaweza kupasuka hata ukifanya yote hayo, na kioo cha tempa, kile kilichoimarishwa kwa joto, usikiguse. Mteja akileta glasi 40, mwambie alete 43. Akikataa, aandike kwamba amekataa.

Na pima kimo! Watu wanaangalia upana wa kitanda na kusahau kina. Zile mashine ndogo za wati 40, zenye kitanda cha kama sentimita 20 kwa 30, glasi ikishakaa juu ya rola ya kuzungushia haiingii chini ya lenzi, mpaka utoboe sakafu ya mashine. Nimewaona watu wametoboa. Chukua yenye kitanda kinachopanda na kushuka, na rola inayoweza kuinamishwa, kwa sababu glasi nyingi ni pana juu na nyembamba chini.

Nikuhamishie kwenye maji, maana hapa ndipo nilipopata hasara ya pili. Tyubu ya kioo ya CO2, ambayo ndiyo inayotoa mwanga, inapozwa kwa maji. Mashine niliyonunua baadaye ilikuja na chila (kifaa cha kupoza maji) ya CW-3000, jina kubwa, kumbe ndani ni rejeta na feni, haina kompresa. Rejeta haiwezi kuyafanya maji yawe baridi kuliko hewa ya chumbani. Februari ya Dar, chumba kina nyuzi 33, maji yakawa yanapanda, na mimi nikaendelea kupiga kazi kwa sababu mteja alikuwa amekaa kwenye benchi. Tyubu ikaanza kufifia, mwisho ikawa haikati hata kadi. Chukua CW-5200, ambayo ina kompresa kama friji. Tumia maji ya mvuke uliopozwa (distilled), yale ya kuongezea kwenye betri, si ya bomba. Ila usiyapoze mno pia: hewa ikiwa na unyevu tyubu inatoka jasho, na umeme unaoiwasha ni wa maelfu ya volti, unapenda sana kurukia kwenye jasho. Kwa hiyohiyo volti, waya wa ethi usiufanyie mzaha. Mwite fundi umeme apige ethi ya kweli, na uweke stabilaiza. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usikisogeze kilicho kitandani. Ukirudi unaweza kuanzia palipokatikia kama kifaa hakijahama hata kwa unywele.

Moshi toa nje kwa feni na bomba, usiuache ukuzoee. Na ipo siku atakuja mtu na mkoba wa reksini akuambie ni ngozi. Reksini nyingi ni PVC, na PVC ikiungua inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa tindikali: inakuumiza kifua, na reli za mashine zinashika kutu. Jinsi ya kuitambua PVC: choma waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, ubandike kwenye kipande cha mkoba, kisha urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, mrudishie mkoba wake.

Kuhusu majina makubwa, Epilog ya Marekani, Trotec ya Austria, na Gravograph ya Ufaransa ambayo mafundi wa zamani wanaijua kwa mashine za sindano: ni mali kweli, lakini milioni 12 hazikufikishi kwenye mpya. Mashine ya sindano ya almasi bado ina heshima yake kwenye vibao vya shaba, ila kwenye biashara ya mchanganyiko itakuchelewesha.

Basi mimi ningekuwa wewe: CO2 ya wati 60, kitanda cha sentimita 60 kwa 40, kidhibiti (bodi inayoiongoza mashine) cha Ruida ili utumie LightBurn, programu ya kompyuta ya kuendeshea leza. Ukiambiwa bodi ni M2Nano, LightBurn haiongei nayo. Hela usizimalizie kwenye mashine. Bado kuna usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, chila, stabilaiza, na vibao vya kuanzia. Kabla ya kutuma hata shilingi, mwambie muuzaji achonge glasi huku amekurekodia video, pembeni kuna karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo, kisha ainyanyue glasi uone na meza. Tyubu ya akiba ifungwe kwenye boksi lake peke yake. Na mzigo ukifika, fungua upande wa tyubu mbele ya watu wa kago kabla hujasaini popote.

Umeuliza pia kama unaweza kuanza na ile leza ndogo ya diodi ya mwanga wa buluu huku ukikusanya. Kwa mbao na ngozi, ndiyo, utapata hela ya kula. Kwenye kioo angavu mwanga wake nao unapita, kwa hiyo itabidi upake rangi nyeusi isiyong'aa kwanza, uchonge, kisha uoshe. Inakubali, lakini glasi moja moja; glasi 40 za harusi ya Jumamosi ukiletewa Ijumaa jioni, usipokee.